Wao "huvaa", wengine "walijenga"

Mhariri,

Katika mjadala wa mitaala unaoendelea kwenye kurasa zako, wasomaji wengi wanahesabu: jamii fulani imepewa kurasa ngapi, imetokea kwenye picha ngapi. Nimefundisha historia na uraia kwa miaka 19 na sasa naona ni heri tuhesabu vitenzi.

Kitabu ninachotumia kina sura moja ya utamaduni, kurasa sita. Jamii ndogo zote zimerundikwa humo: huvaa ngozi, hucheza ngoma, huishi kwa kuwinda. Ukifika sura za historia unakutana na watu wengine kabisa: walianzisha, walipinga, waliandika, walijenga. Wale wamegawiwa hu-, hawa -li-. Yaani kuna wenye mazoea na kuna wenye historia. Chini ya picha ya wacheza ngoma hakuna jina la mtu hata mmoja, wala mwaka. Kwenye ukurasa wa viongozi kila uso una jina, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa.

Muhula uliopita binti mmoja, ambaye ukoo wake ndio hao wa "huwinda", aliniuliza: "Mwalimu, kwani sisi hatukufanya chochote?" Mama yake ni mhasibu. Nilibabaika. Zoezi la mwisho wa sura likasema: "Taja mavazi matatu ya jamii hizi." Akakosa moja. (Nilimpa alama zote, mkaguzi anisamehe.)

Wapo wanaohofia kwamba ukianza kuchambua nani alifanya nini utawagawa watoto, kwa hiyo kitabu kiseme sote ni wamoja kisha kinyamaze. Hoja hii siidharau. Nchini Rwanda, vitabu tangu enzi za ukoloni vilifundisha kwamba Watutsi ni wageni waliotoka kaskazini, na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 serikali ilisimamisha somo la historia shuleni. Sijui nani angethubutu kuwalaumu wakati ule. Ila ukimya ukikaa sana, wengine huujaza. Lebanon iliahidi kitabu kimoja cha historia kwa shule zote katika Mkataba wa Taif wa 1989, uliokusudia kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hadi leo hakijapatikana. Somo huishia karibu na uhuru wa 1943. Vita hivyo vya 1975 hadi 1990 mtoto husimuliwa nyumbani, na kila nyumba ina mashujaa wake.

Ufaransa na Ujerumani, zilizopigana vita vitatu vikubwa kati ya 1870 na 1945, zilijaribu njia nyingine. Mwaka 2006 zilitoa kitabu cha historia cha sekondari ya juu kilichoandikwa kwa pamoja, maudhui yale yale kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wazo lilitoka kwa vijana wa nchi hizo waliokutana Berlin mwaka 2003. Shule nyingi hazikukitumia, tusijidanganye. Ninachokipenda ni kwamba pale mitazamo ya pande mbili inapopishana, kitabu kinaeleza wazi kuwa inapishana, na mwanafunzi anaachiwa kazi ya kufikiri.

Basi ombi langu kwa wanaoidhinisha vitabu ni dogo. Kabla muswada haujaenda kiwandani, mhakiki achukue kalamu nyekundu na kupigia mstari kila hu-. Palipoandikwa "hufuga" aulize: walifuga wapi, nani aliwahamisha, mwaka gani, walipinga vipi? Majibu yapo, mengine kwenye nyaraka, mengine kwa wazee ambao hatutakuwa nao muda mrefu. Halafu watunga mitihani nao wabadilike, kwa sababu sisi walimu (nasi tuna hu- yetu) hufundisha kinachotahiniwa. Kitabu kiandikwe vizuri namna gani, swali likibaki "taja mavazi matatu", darasani yatafundishwa mavazi matatu.

Nimesikia kitabu chetu kinachapwa upya mwakani. Kurasa sita zikibaki sita sitalalamika, mradi wale wacheza ngoma wapewe majina.

Wako,
Mwalimu wa historia na uraia