Mwanangu Zuhura, dawa ya mbwa usimpake Chausiku

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo. Mama yako kaenda shughulini kwa jirani, ndiyo maana leo nimepata kuandika bila kuingiliwa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Paka wako Chausiku anajikuna usiku kucha, manyoya ya karibu na mkia yameanza kunyonyoka, na mwenzako wa chumba kakuletea chupa iliyobaki ya dawa ya viroboto ya mbwa wa kwao. Hiyo chupa mrudishie leo hii, hata kabla hujamaliza kusoma barua.

Unajua kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Dawa za kuogeshea ng'ombe nazitambua kwa harufu. Nyingi ya dawa za kupe na viroboto, za ng'ombe na za mbwa, zina permethrini, sipamethrini au deltamethrini. Mbwa utampaka, atajikung'uta na kwenda zake. Paka si mbwa mdogo, mama. Ini lake linashindwa kuivunja sumu hiyo kwa haraka, kwa hiyo inabaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu. Saa chache baadaye mate yanamchuruzika, masikio na ngozi vinachezacheza, anatetemeka, kisha degedege. Zile dawa za josho zenye amitrazi nazo hazimfai. Na usiniambie utaichanganya na maji mengi.

Ikiwa mwenzako keshampaka, hata tone, mwogeshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mfunge kwenye taulo na umpeleke kwa daktari pamoja na chupa yenyewe. Maziwa usimnyweshe, wala usimtapishe.

Mafuta ya taa, maji ya kufulia ya kuondoa madoa, ile dawa ya vidonda inayogeuka nyeupe ukiitia majini: vyote hivyo watu watakushauri, na vyote viache. Paka hujilamba kutwa nzima, kwa hiyo chochote unachompaka hesabu kwamba umemnywesha. Na kwa kuwa nakufahamu una huruma ya haraka, parasetamo usimpe hata robo kidonge. Kwa paka ile inaua.

Sasa tuhakikishe kwanza kama ni viroboto. Chausiku ni mweusi, utawatafuta mpaka macho yaume. Nunua kitana cha chawa, chenye meno ya karibu karibu. Mkalishe juu ya shuka jeupe umchane shingoni, kiunoni na kwenye mzizi wa mkia. Chembe nyeusi zitakazodondoka ziweke kwenye karatasi ya chooni iliyolowa. Zikibaki nyeusi ni vumbi la Morogoro tu. Zikitoa wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako iliyokwisha kuliwa. Viroboto utakaowanasa wachovye kwenye bakuli la maji ya sabuni. Usiwaminye kwa kucha, wanaruka.

Usipoona kitu usiseme hana. Paka wengine mate ya kiroboto yanawadhuru, na waliong'atwa mara chache tu huwashwa vibaya, huku wakijilamba kwa ustadi hadi ushahidi wote unapotea. Lakini ukikuta masikio yamejaa uchafu mweusi mkavu, huo huenda ni utitiri. Na ukiona duara lisilo na manyoya lenye magamba, huenda ni mashilingi, na hayo yanawapata hata nyinyi watu. Hapo kitana hakisaidii. Mwone daktari.

Bahati yako upo Morogoro. SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanafundisha madaktari wa mifugo na wana hospitali ya wanyama. Mwulize daktari dawa ya matone ya paka, yenye fipronili au selamektini, na mweleze umri wake na kama unamshuku ana mimba. Uzito nao ataulizia: panda kwenye mzani ukiwa umembeba, kisha panda mwenyewe, utoe. Dawa hiyo hupakwa nyuma ya shingo, chini kidogo ya kichwa, mahali ulimi wake haufiki. Tenganisha manyoya mpaka uone ngozi, umimine hapo hapo. Ukiimwagia juu ya manyoya umepoteza pesa. Kama ana minyoo ya tegu, utaona vipande vyeupe kama punje za mchele karibu na mkundu, basi sema pia, maana paka huipata kwa kummeza kiroboto anapojilamba.

Kazi kubwa, lakini, ipo chumbani kwako. Wengi wanashindwa hapa halafu wanaisingizia dawa. Kiroboto jike hutaga mayai mpaka 40 au 50 kwa siku. Mayai hayashiki kwenye manyoya, yanaanguka pale paka anapolala, yanatoa mabuu, na buu linajifungia kwenye kifuko chake kwenye nyufa na chini ya godoro. Humo linaweza kukaa miezi, likisubiri joto na mtikisiko wa mtu anayepita. Ndiyo maana utampaka leo na wiki ijayo utawaona wengine wapya. Usikate tamaa wala usiongeze dawa kabla ya tarehe. Fua mashuka na kitambaa chake kwa maji ya moto, anika juani, mkeka ukaukung'utie nje, fagia mpaka mvunguni kila siku, takataka zitoke ndani hapo hapo. Fuata hivyo kwa miezi mitatu, na paka wa jirani anayelala mlangoni kwenu naye apakwe. Mkipuliza dawa ya mbu, Chausiku awe nje mpaka chumba kikauke na hewa ipite.

Mwenzako akikucheka kwamba unamhangaikia kiroboto, mwambie kwetu Tanga hatumdharau. Tauni iliyozuka Lushoto mwaka 1980 ilirudi rudi kwa miaka, na viroboto wa panya ndio walioisambaza. Wa paka ni wengine, lakini wakikung'ata vifundoni utawashwa vilevile, na mikwaruzo ya paka ioshe kwa sabuni.

Nimekutumia pesa ya daktari kwa simu. Ni ya Chausiku, isiishie kwenye chipsi mayai. Ukirudi kwa daktari nipigie jioni unisomee kilichoandikwa kwenye kipakiti.

Baba yako