Ramani ya kemia ya ubongo isichapishwe bila spektra zake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kupima umetaboli wa ubongo kwa mashine za MRI za tesla 7 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ilipambwa kwa ramani za kuvutia: kolini, kemikali ya utando wa seli, imewaka nyekundu juu ya uvimbe, na NAA, kemikali ya seli za neva, imefifia papo hapo. Spektra, yaani grafu ya ishara yenye vilele vya kila kemikali, haikuwekwa hata moja. Huko ni kusomewa hukumu bila ushahidi, na katika kipimo hiki ushahidi ndio wenye uzito.

Faida ya tesla 7 sibishani nayo. Protoni huko huvuma kwa takribani megahezi 298, ilhali kwenye tesla 3 ni 128, kwa hiyo vilele vya kemikali huachana zaidi. Glutamati na glutamini, kemikali mbili za ubongo zinazotofautiana kwa 0.1 tu ya sehemu kwa milioni (kipimo cha mahali pa kilele kwenye spektra), hupata nafasi ya hezi 30 badala ya 13. Ishara pia huwa na nguvu zaidi, ndiyo sababu vokseli, yaani kisanduku kidogo cha kipimo, yenye upande wa milimita 3.4, yaani mililita 0.04 tu, hupimika ubongo karibu mzima kwa kama robo saa.

Lakini nafasi hiyo ya hezi 30 anaifaidi aliyesawazisha ugasumaku vizuri. Kilele kikitanuka kufikia hezi 30, faida yote imeliwa. Kinachokitanua kinajulikana: hewa ya matundu yaliyo nyuma ya pua na ya masikio, na kwa mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa, mabaki ya damu na vibanio vya chuma kandokando ya jeraha. Hapo ndipo daktari anapotaka kujua kama uvimbe umerudi. Chukueni 2HG, kemikali inayorundikana katika uvimbe wenye mabadiliko ya jeni ya IDH, jambo lililobainika mwaka 2009. Kilele chake kipo kwenye sehemu 2.25 kwa milioni, kimebanwa na GABA, kemikali nyingine ya ubongo, kwenye 2.28 na glutamati kwenye 2.35. Vilele vikiyeyukiana, programu ya kuchambua haikatai kutoa namba. Itatoa, na namba hiyo itapakwa rangi.

Kosa jingine hukua pamoja na uga wenyewe. Kolini na NAA zimeachana kwa sehemu 1.2 kwa milioni, sawa na hezi 153 kwenye tesla 3 na 357 kwenye tesla 7. Pigo la redio lenye upana wa hezi 2000 likichagua kipande cha milimita 50, kipande cha kolini na cha NAA vitapishana kwa milimita 4 hivi kwenye tesla 3, na karibu 9 kwenye tesla 7. Ukingoni, basi, mnapima kolini ya mahali pamoja na NAA ya mahali pengine, na uwiano wa kolini kwa NAA unaweza kupanda pasipo uvimbe wowote. Mapigo mapana zaidi hupunguza kosa hili, ila huongeza joto kichwani, na nishati inayohitajika hupanda kwa kipeo cha pili cha masafa. Wengi sasa hawachagui kipande cha namna hiyo. Husoma ishara takribani milisekunde 1 baada ya pigo. Njia hiyo ni nzuri, lakini mafuta ya ngozi ya kichwa huingia nayo na kuangukia 1.3, palepale penye laktati. Tena uvimbe wenye tishu zilizokufa una mafuta yake halisi, kwa hiyo anayefuta mafuta yote kwa hesabu anaweza kufuta na ugonjwa.

Linalonisumbua zaidi ni kichujio cha asilimia 20. Programu hukadiria kosa la kila kipimo kama asilimia ya kiasi kilichopatikana, na ni desturi kutupa kila vokseli inayozidi 20. Sasa fikirini NAA ndani ya uvimbe. Imeshuka karibu na sifuri, kosa halisi lipo vilevile, lakini asilimia imepaa kwa sababu kigawanyo kimepungua. Vokseli inatupwa. Kichujio kilichokusudiwa kuondoa data mbovu kimeondoa data ya ugonjwa, na wastani wa NAA katika vokseli zilizobaki unatoka juu kuliko ukweli. Kwa 2HG hali ni mbaya zaidi: asiyekuwa nayo hana namna ya kupita kichujio, hivyo kundi la kulinganisha linatoweka. Kosa litajwe kwa kiasi chake, likilinganishwa na NAA ya upande wa ubongo usio na uvimbe.

Ombi langu ni dogo. Kila ramani mnayochapisha iambatane na spektra tatu, ya katikati ya uvimbe, ya ukingoni na ya upande wa pili, zote kwa kipimo kimoja cha mhimili. Chini yake uandikwe upana wa vilele kwa hezi, muda wa kupima, na ukubwa wa vokseli baada ya kulainisha picha, maana ule wa kwenye mpangilio wa mashine huwa mdogo kuliko uhalisia. Na vokseli zilizotupwa zipakwe kijivu, zisipakwe ile bluu ya sifuri.

Msomaji wenu katika fizikia ya tiba