Kabla hujakwenda Kurasini

Mwanga, Kigoma

Ndugu yangu Mashaka,

Salaam kutoka ziwani. Sisi wazima, ila dagaa wameadimika wiki hii kwa sababu ya mbalamwezi. Nimefurahi mno kusikia umepata nafasi Chuo cha Diplomasia, kule Kurasini, Dar es Salaam. Kuna jambo nimelishuhudia, nataka uende nalo.

Mwezi uliopita mwanadiplomasia wa nchi jirani alikutana na wananchi ukumbini. Kijana mmoja akamuuliza anauonaje uchaguzi wetu. Akajibu, "Hilo ni la Watanzania wenyewe." Watu wakaguna, eti anazunguka mbuyu. Mimi sikuguna. Mkataba wa Vienna wa 1961 unamkataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi iliyompokea, na shughuli zake na serikali hupitia Wizara ya Mambo ya Nje. Akiropoka pale, kesho balozi wake anaweza kuitwa kujieleza.

Kisha akasimama mama mmoja, raia wa nchi yake, muuza mawese wa Kibirizi. Mwanawe alikamatwa huku kwetu kwa kukosa vibali. Akauliza tu, "Mwanangu ataonwa na nani?" Akajibiwa kwamba uhusiano wa nchi hizi mbili ni mzuri na suala linashughulikiwa. Mama akakaa, akajifunika uso kwa kitenge.

Mashaka, niliumia. Yule kijana alitaka msimamo wa nchi. Mama alitaka mtu wa kwenda kituoni. Mkataba mwingine wa Vienna, wa 1963, unawapa maofisa wa ubalozi mdogo, yaani ofisi inayohudumia raia wa nchi yake walio ugenini, haki ya kumtembelea raia wao aliye kizuizini. Kumsaidia mama yule ndiyo kazi yao hasa, wala haivunji mwiko wowote. Kwa nini apewe maneno yale yale ya uchaguzi?

Tulipotoka, ofisa wao mdogo alimkimbilia getini, akatoa daftari. Jina la kijana? Kituo gani? Tangu lini? Akasema, "Leo sina jibu, mama. Njoo Jumatatu saa tatu." Jibu hilo ulijue kabla ya Kifaransa chote utakachofundishwa.

Jumatatu nilimsindikiza. Yule ofisa alikuwa ameshakwenda kumwona kijana. Ni mzima, akasema, anaomba sabuni na ndala. Mama akaondoka mbio kwenda sokoni, hata kuaga akasahau.

Wasalimie wazee hapo Tabora.

Rafiki yako,
Hamisi