Mtangazaji mpya si tatizo, hatua zisirukwe

Mhariri,

Kipindi cha ukarabati wa nyumba cha Marekani, This Old House, kikibadilisha mtangazaji, watazamaji hulalamika. Lakini Bob Vila alimpisha Steve Thomas mwaka 1989, Kevin O'Connor akaja 2003, na kipindi kikaendelea, maana fundi seremala Norm Abram alikuwepo muda wote huo. Wa kulalamikiwa ni mtangazaji asiyemuuliza fundi "kwa nini?" Chukua mfano wa kufunga dirisha: utepe wa kuzuia maji hubandikwa chini kwanza, kisha pembeni, juu mwisho, kila kipande kikilalia cha chini yake. Ukianzia juu, maji hupenya nyuma ya utepe na mbao huoza. Ila ukingo wa chini wa dirisha lenyewe, unaokaa juu ya utepe huo wa chini, usizibwe kabisa. Maji yaliyoingia yapate pa kutokea.

Mtazamaji na fundi ujenzi