Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti ya Mombasa: Wafanyakazi wa Shule Wasikilizwe Kabla ya Zabuni

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa mzazi na mjumbe wa bodi ya usimamizi ya shule moja ya msingi ya umma huku Kisauni. Inazidi kusikika rai kwamba ulinzi, usafi na upishi wa shule zetu ukabidhiwe kampuni za kibinafsi kwa zabuni. Rai hiyo haikuzuka bure, kwani mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, kiasi ambacho katika shule yenye watoto 800 hakifiki milioni moja na laki mbili, na humo humo mna vitabu, stima, maji na ujira wa bawabu. Anayetafuta nafuu katika hali hii halaumiki. Ninachopinga ni dhana kwamba nafuu hiyo iko kwa mwanakandarasi, na kwamba mpishi na msafishaji hawana la kuchangia ila kungoja barua za kuachishwa kazi.

Tuitazame hesabu yenyewe. Mlinzi aliyeajiriwa na bodi hulipwa ujira wake pamoja na michango ya kisheria, basi. Kampuni iliyosajiliwa kutoza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) italeta ankara ya kazi ile ile ikiwa na nyongeza ya asilimia 16, yaani shilingi 16,000 juu ya kila 100,000, na ndani ya ankara hiyo mna mshahara wa msimamizi wake na faida ya mwenye kampuni. Ikiwa baada ya hayo yote bei bado ni ya chini kuliko tunayolipa sasa, nafuu hiyo kwa kawaida imekatwa kwenye ujira wa mfanyakazi au kwenye idadi ya watu wanaofanya kazi. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama chao na kwa afisa wa leba, na alipe fidia isiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mpishi aliyetumikia miaka 20 anadai ujira wa siku 300. Sijasikia bodi hata moja ikitaja fungu litakalolipa deni hilo.

Chicago, Marekani, ilijaribu njia hii mwaka 2014, ilipotoa kandarasi za usafi wa shule za umma zenye thamani ya dola milioni 340 kwa kampuni mbili. Haukupita muda, walimu wakuu wakawa wanalalamika hadharani juu ya uchafu. Indianapolis, jiji jingine la Marekani, chini ya Meya Stephen Goldsmith aliyeingia madarakani mwaka 1992 akiwa na nia ya kubinafsisha, iliwaruhusu wafanyakazi wa jiji washindane na kampuni. Waliokuwa wakiziba mashimo barabarani walionyesha kwamba gharama iliongezwa na wingi wa wasimamizi waliowekwa juu yao, na baada ya hao kupunguzwa wakaishinda zabuni.

Huku kwetu mpishi ndiye anayejua jiko lipi linakula kuni bure, na msafishaji ndiye anayejua bomba lipi linavuja usiku kucha wakati bodi inanunua maji ya bowza. Hatujawahi kuwauliza. Sisemi kwamba wote ni malaika: wapo wazembe, wapo waliopewa kazi kwa sababu ya ujamaa na mjumbe fulani wa bodi, na chama kinachomtetea mzembe hakitusaidii. Kwa hiyo ushirikiano ninaoutaka kati ya bodi na wafanyakazi hawa uwe na masharti. Vitabu vya hesabu vifunguliwe mbele ya wafanyakazi na chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA pale kinapowawakilisha, viwango vya usafi, ulinzi na chakula viandikwe na kukaguliwa kila muhula, na asiyevitimiza achukuliwe hatua kwa utaratibu ambao pande zote mbili zimeukubali. Haki ya kujadiliana kwa pamoja imo tayari katika kifungu cha 41 cha Katiba. Mji huu, uliosimamishwa na mgomo mkuu wa Januari 1947, hauhitaji kufundishwa kinachotokea wafanyakazi wanapoamuliwa mambo bila kusikilizwa.

Najua kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazipa bodi, si ofisi yako, mamlaka ya kuajiri wafanyakazi wasio walimu. Hata hivyo, bodi huufuata mwongozo wako. Ninakuomba, kupitia Bodi ya Elimu ya Kaunti, uzielekeze zisitangaze zabuni yoyote ya kazi hizi kabla ya kujaribu ushirikiano huo kwa mwaka mmoja wa masomo. Itakapolazimu kutangaza, wafanyakazi waliopo waruhusiwe kuwasilisha pendekezo lao, na ulinganisho wa bei ujumlishe VAT na fidia za kuachishwa kazi. Ningeshukuru pia ukiitisha kikao cha bodi, wakuu wa shule na wawakilishi wa wafanyakazi kutoka Likoni hadi Jomvu kabla makadirio ya mwaka ujao hayajapitishwa.

Wako mwaminifu,
Mzazi na mjumbe wa bodi ya shule, Kisauni