Amplifaya za valvu msiziuze kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Ngamiani aliyeandika juma lililopita kuwa marehemu baba yake kaacha amplifaya ya Leak, kampuni ya zamani ya Uingereza, naye anataka kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kuwa valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, hazitengenezwi tena.

Zinatengenezwa. Slovakia wanazitoa, Urusi wanazitoa, China wanazitoa, na wanaofanya viwanda hivyo visifungwe ni wapiga magitaa ya umeme, watu ambao ukiwatajia transista, kile kidude kilichochukua nafasi ya valvu, wanageuza uso. Kwa alivyoieleza, yake ni Stereo 20, ile iliyotoka Uingereza mwaka 1958. Ndani ina valvu za EL84 nne za kusukuma spika, ECC83 tatu ndogo za kukuza sauti mwanzoni, na GZ34 moja ya kunyoosha umeme. Zote nane unaweza kuziagiza mpya. Ila kabla ya kuagiza zipimwe zilizomo, maana mara nyingi valvu huwa nzima na kilichokufa ni kapasita, kidude cha kutunza chaji ya umeme, kitu cha bei ndogo.

Kisichopatikana kirahisi ni transfoma. Mle ndani zimo tatu, moja ya umeme na mbili za kupeleka sauti kwenye spika, na ndizo anazozitaka huyo mnunuzi kwa ajili ya shaba. Anazipasua kwa nyundo, anaweka kwenye mzani, kazi imekwisha. Hapa Tanga mashine hizi nyingi zilizopita mezani kwangu zilitoka kwenye nyumba za mameneja wa mkonge, na kila ikija moja isiyo na transfoma huwa namrudishia mwenyewe. Sina la kufanya.

Sasa ombi langu kubwa: asiichomeke ukutani aone kama inawaka! Mashine iliyolala miaka thelathini kabatini, kapasita zake za kuchujia umeme zimekauka. Ukiipa volti 230 kwa mkupuo, unaweza kuunguza hiyo hiyo transfoma tunayoilinda. Fundi anayejua atatanguliza balbu ya wati 60 kwenye njia ya umeme, mfululizo na mashine. Iwe balbu ya nyuzi, si hizi za LED. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, tunaendelea. Ikibaki inang'aa, kuna shoti mahali, zima.

Halafu zile kapasita ndogo zinazopitisha sauti kwenda kwenye EL84. Hizi ndizo wauaji, na mafundi wengi hawazigusi kwa kuwa kwa macho zinaonekana nzima. Weka mita kwenye gridi ya EL84, yaani pini inayoingizia sauti: inatakiwa isome sifuri. Ikisoma volti kadhaa za chanya, kapasita inavujisha, na baada ya muda utaona bati la ndani ya valvu linawiva jekundu kama mkaa. Mimi huwa sipimi kwanza, nazibadilisha zote, ndipo nasafisha soketi kwa spiriti, maana chumvi ya pwani haina huruma, na nyigu hupenda kujenga chini ya chesisi, lile bati linalobeba vifaa.

Kwa vijana wanaotaka kujaribu wenyewe: mle ndani mna zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa waya. Zimalizwe taratibu kwa resista, kidude cha kupunguza mkondo wa umeme, kisha mita ithibitishe. Unapopima, mkono mmoja uwe mfukoni, umeme usipite kifuani. Mtindo wa kupiga shoti kwa bisibisi uachwe.

Najua atauliza faida yake ni nini. Ni wati 10 kila upande, wakati madukani kuna sabufa zilizoandikwa wati elfu kwenye boksi. Nami nakubali inakula umeme, karibu wati 100 hata isipopiga kitu. Lakini kwa sebule ya kawaida na spika nzuri, wati 10 zinatosha mpaka jirani agonge ukuta. Hata simu unaweza kuiunganisha moja kwa moja, maana mashine hii inatosheka na sauti ndogo sana ya kuingilia. Ukubwa wa sauti utauchezea kwenye simu, kwani yenyewe haina kitufe hicho. Mwenye santuri ndiye atakayehitaji priampu, kile kikuza sauti cha kutangulia.

Kuna fundi mmoja mjini anayetoa kila kitu ndani ya mashine hizi, anabandika kibao kidogo cha saketi ya bluetooth, kisha anamwambia mteja imetengenezwa. Valvu anabaki nazo yeye, na GZ34 ya zamani ya Mullard, kampuni ya Uingereza, ina wanunuzi Ulaya wanaolipa vizuri. Ukipeleka mashine kwa fundi yeyote, piga picha ndani kwanza.

Na siku itakapowashwa, ndugu yangu wa Ngamiani, hakikisha spika zote mbili zimefungwa kabla ya kubonyeza swichi. Ikipiga bila spika, transfoma za sauti zinaweza kuungua.

Fundi redio mstaafu,
Chumbageni, Tanga