Tuwaenzi wazee wa vita ya Kagera, lakini vita yenyewe tusiitamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mji wa Goma kule Kongo ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na kila Julai ikikaribia linanirudia upya. Mimi ni mwenyeji wa Muleba mkoani Kagera, baba yangu alikwenda vita ya Kagera ya 1978 na 1979, ile tuliyopigana na Idi Amin wa Uganda, akiwa mwanamgambo, na Tata (sisi Wahaya baba ndo tunamwita hivyo) bado tunaye, japo sikio lake la kushoto halisikii tangu 1979.

Siku zile za Goma vijana kwenye magrupu ya wasap walikuwa wanatumiana video za mizinga mpaka usiku wa manane, huyu anaandika jeshi letu liingie likawachape, yule anaongezea kwamba tumelala sana. Mtoto wangu akampelekea babu yake simu aone, alidhani mzee atafurahi kwa kuwa na yeye alishika bunduki. Tata akaangalia kidogo tu, akarudisha simu, akauliza, "Hao wanaokimbia na magodoro kichwani wanakwenda kulala wapi?" Hakusema kingine, akatoka akakaa nje mpaka giza likaingia.

Swali lake hilo ndo limenifanya niandike.

Watu wengi vita ile wanaijua kwa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ile ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin, na mie sina ubishi nayo hata kidogo. Amin alikuwa ameshaingia mwisho wa Oktoba, akatangaza ardhi yetu yote mpaka mto Kagera ni yake, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wa Missenyi, kule mpakani, wakauawa na wengine wakakimbia na walichovaa tu, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa ng'ambo mpaka mabati ya nyumba yakang'olewa. Hapo ungefanyaje? Tata mpaka leo anasema ingekuwa ni kurudi nyuma angekwenda tena. Lakini ukimwomba akusimulie vita haanzi na hotuba wala na kumpiga adui, anaanza na senene.

Novemba ndo msimu wa senene kwetu, wale panzi wa kuliwa, msomaji wa Bukoba anaelewa nasema nini, usiku watu wote nje na taa, watoto wanakimbizana, kina mama wanakaanga mpaka alfajiri. Mwaka ule senene walishuka kama kawaida, ila watu walikuwa wanaogopa kuwasha taa. Tata anasema alilala kwenye migomba na wenzake wanawasikia senene wanavyotua kwenye majani na hakuna aliyenyanyuka kuwaokota, na hapo ndipo alipojua kwamba hii ni vita kweli.

Wakavuka Kagera kwa daraja la muda, kwenye matope na mvua, wakakuta vijiji havina watu wala paa. Ya mapigano yenyewe haongei, nimeuliza tangu nikiwa shule ya msingi mpaka nimekuwa na watoto wangu, hajawahi kuniambia amepiga nani. Anachosimulia ni Masaka, ndani ya Uganda. Mji ule ulipigwa sana kisha ukabomolewa, na walipopita akamkuta bibi mmoja amekaa kwenye jiwe mbele ya nyumba iliyolala chini, anaongea peke yake. Kiganda na Kihaya ni ndugu kwa hiyo Tata akawa anamwelewa, bibi alikuwa anahesabu sufuria zake. Hii imekuwa hapa, ile sijui iko wapi. Tata anasema alikuwa amekwenda kule na hasira ya Missenyi yote, akakuta hasira haina pa kutua, maana sauti ya yule bibi ilikuwa kama ya mama yake mzazi.

Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Aliondoka nyumbani mkoa unaitwa Ziwa Magharibi, akarudi unaitwa Kagera. Tukafunga mkanda ile miezi 18 Mwalimu aliyotuambia tuvumilie, ikapita na mkanda haukulegea, mama yangu ananiambia nilibebwa mgongoni kwenye foleni ya sukari na foleni ya sabuni na saa ingine mnafika mbele mnaambiwa imekwisha. Hayo nayo ni ya vita, ingawa hayawekwi kwenye mnara.

Sasa nije kwenye kuwaenzi. Tarehe 25 Julai kila mwaka tunafanya Siku ya Mashujaa na mimi naipenda kwa moyo wote, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, mabalozi shada la maua, wazee nao shoka, mizinga inapigwa na tarumbeta inalia mpaka mwili unasisimka. Mwaka 2013 sherehe zilikuja kwetu Kaboya, kwenye makaburi ya askari wa vita ile, Rais Kikwete akiwepo, Tata alivaa koti lake la harusi. Siku kama ile mzee anajiona ana nchi. Lakini Mhariri, mwaka una siku zingine 364, na siku hizo nimezunguka naye. Kuna ofisi moja siitaji jina, tulikwenda mara nne kuulizia msaada wa matibabu ya hilo sikio, tukaambiwa alete karatasi za kuonyesha kwamba alikwenda vitani. Karatasi ziliungua na nyumba miaka mingi iliyopita. Kijana aliyekaa mezani hakuwa mtu mbaya, alifuata utaratibu wake, ila alimwuliza mzee wa miaka zaidi ya sabini, tena kwa sauti ya juu kwa sababu hasikii, "Una uthibitisho gani?" Na watu wote kwenye benchi wakageuka. Tata akasema twende nyumbani. Hajataka kurudi tena na mie sijui nimlazimishe kwa maneno gani.

Wanamgambo walikuwa watu wa vijijini, walitolewa shambani wakarudi shambani, hawakuwa na kambi ya kuwatunzia mafaili. Serikali za vijiji zinawajua. Wazee wenzao wanawajua, walilala handaki moja. Kwa nini ushahidi wa wenzao watatu na mwenyekiti wa kijiji usitoshe? Naomba wahusika walifikirie hili haraka kwa sababu muda hatuna, Jenerali Msuguri mwenyewe, kamanda wa vita ile ambaye Mwalimu alimpa jina la Jenerali Mutukula, alituacha Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, na hawa waliokuwa vijana wake nao wanaondoka, kila mwezi nasikia mmoja.

Na waandishi wa habari nawaomba, mkija kuwahoji msiwaulize tu walipigaje. Waulizeni walikula nini, walimzika nani, waliota nini waliporudi. Wazee hawa ndo wanatakiwa kuongea pale vijana wanapoitamani vita kama mechi ya Simba na Yanga. Tarehe 7 Desemba 2017 vijana wetu 14 waliuawa usiku mmoja pale Semuliki, Kongo, wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Redio ilipotangaza Tata alilia, mie sijawahi kumwona akilia hata kwenye msiba wa kaka yake. Wale ni mashujaa na nawaheshimu mno, na kwa kuwa nawaheshimu natamani wangekuwa hai leo wanagombana na wake zao kuhusu ada za shule. Sioni kama kuna ubishi kati ya mambo hayo mawili, unaweza kumpigia saluti askari na papo hapo ukaomba asipelekwe tena.

Amani inawezekana jamani, tusiseme haiwezekani. Mie nimefika Mutukula, mpakani na Uganda, pale pale vifaru vilipopita, leo kuna ofisi moja ya forodha ya nchi zote mbili, malori yamepanga foleni, ndizi na maharage vinavuka asubuhi mpaka jioni, na bomba la mafuta la kutoka Hoima kwenda Tanga linaingilia upande huo huo. Mdogo wangu wa kike ameolewa Masaka. Mahari ililetwa nyumbani kwetu na Tata akaipokea kwa mikono miwili, halafu akaomba apelekwe akauone ule mtaa. Hakuutambua, umejengwa wote.

Ombi langu la mwisho ni kuhusu makaburi ya Kaboya. Wamelala pale mamia ya askari wetu waliotoka kila kona ya nchi, na wengine nina hakika ndugu zao hawajawahi kufika, nauli ya kuja Kagera siyo ya mchezo. Serikali au hata kampuni za mabasi zisaidie angalau familia chache kila Julai. Rafiki yake Tata aliyekuwa wa Urambo yuko pale, mama yake alifariki bila kuliona kaburi. Tata akiruhusiwa kuingia, maana ni eneo la jeshi, huwa anakwenda na mkungu mdogo wa ndizi, anauweka chini pembeni, anamsimulia mvua ya mwaka huu imekuwaje, na anapomaliza anaubeba tena kurudi nao nyumbani tunaupika.

Ni mimi msomaji wako,
Muleba, Kagera